Mdomo wa Kukodi

Alipokuwa kazini, Mkalimani alifumba macho. Aliketi kwenye kigoda kifupi kati ya watu wawili walioketi kwenye viti vya kawaida, mikono juu ya magoti, na mtu aliyemwona kwa mara ya kwanza angedhani mzee amesinzia. Kisha mmoja akimaliza kusema, maneno yalitoka upande wa pili kwa lugha nyingine, yote, kwa mpangilio uleule, pamoja na vikohozi vya kusitasita. Nimeona wakalimani wengi tangu hapo, wakiwemo wale wa mahakamani wanaovaa suti. Hakuna hata mmoja anayemfikia.

Sote pale Troyeville, mtaa wa Johannesburg, tulimwita Mkalimani, na jina lake la kwenye karatasi nililiona mara moja tu. Sitaliandika. Wala sitaeleza alizaliwa wapi na nani walikuwa wazazi wake, kwa sababu mwenyewe alikuwa na majibu mawili kwa swali hilo, na alitoa lile aliloliona fupi siku hiyo. Kilichojulikana ni kwamba alitoka kusini mwa Katanga, kwamba ujanani alifanya kazi na Wajapani waliokuja kuchimba shaba huko, na kwamba Kichina alikiokota baadaye, Johannesburg, kwenye maduka ya jumla ya katikati ya mji, katoni baada ya katoni. Kijapani chake kilikuwa cha darasani, chenye adabu. Kichina chake, alisema mwenyewe, kilikuwa cha sokoni na kilivaa kandambili.

Nilikuwa jirani yake kuanzia 2015 hadi 2019. Niseme mapema mimi ni nani, ili msomaji ajue anaongozwa na mtu wa aina gani. Niliingia Johannesburg kutoka Kigoma nikiwa na begi moja la mgongoni. Nililinda maegesho ya magari chini ya jengo la benki kule Sandton, nikasoma ndani ya kibanda cha mlinzi, na baada ya miaka minne nikatoka chuoni na stashahada ya sheria. Sikusaidiwa na mjomba wala shirika. Leo nina ofisi yangu hapa Kigoma, ina wafanyakazi watatu na kiyoyozi, na wanaonijia kuandikiwa mikataba huiona stashahada ukutani kabla hawajaniona mimi. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hayo habari ya Mkalimani haitaeleweka.

Chumba chake kilikuwa cha mbele katika nyumba ya zamani yenye baraza ya mbao, nyumba iliyokatwakatwa vyumba na kupangishwa Wakongomani, Warundi na mimi Mtanzania peke yangu. Dirishani alikuwa ameweka kibao alichokichora kwa mkono wake: UKALIMANI NA TAFSIRI, na chini yake majina ya lugha. Ndani kulikuwa na meza moja, viti viwili, kile kigoda, na kabati lililojaa magazeti ya zamani. Meza hiyo ilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: kila mtu aseme kwa lugha ambayo mama yake alimgombezea. Usilete Kiingereza cha kuombea kazi. Ya pili: kila kilichosemwa hapo kitavuka meza. Hakuna cha kuongeza, hakuna cha kupunguza.

Sheria ya pili ilimponza mfanyabiashara mmoja wa vitenge kutoka Bukavu. Alikuja kugombana na Mchina aliyemuuzia marobota yenye matundu. Hasira zilipompanda, akamtusi yule Mchina pamoja na bibi yake mzaa baba, tusi refu lenye mifugo ndani yake, kisha akamgeukia Mkalimani akamwambia kwa sauti ya chini, "Papa, hiyo usimtafsirie." Mkalimani, macho yamefumbwa, akatafsiri tusi lote, mifugo na yote, na mwishoni akatafsiri pia kwamba huyu bwana ameniomba nisikutafsirie.  Mchina akaanza kucheka mpaka akavua miwani. Marobota yalibadilishwa siku ileile, na mtu wa Bukavu akawa anasimulia kisa hicho kama ujanja wake mwenyewe.

"Mdomo huu nimewakodisha," Mkalimani alimwambia baadaye yule bwana alipokuja kulalamika nusu kwa utani. "Mwenye kukodi chumba haulizwi kitanda ameweka wapi."

Aliitwa mahali pengi. Kuna mara aliitwa kliniki, msichana wa Kichina anajifungua na wauguzi wanazungumza Kizulu na Kiingereza tu. Alisimama nyuma ya pazia akiwa amekipa chumba mgongo, akitafsiri sukuma, pumua, subiri, kwa saa tano. Muuguzi alipomuuliza msichana anasema nini anapopiga mayowe, alijibu kwamba hapo hasemi kitu, analia, na kulia hakuna upande wa pili. Aliporudi alikuwa amepauka kama aliyejifungua yeye. Hakula mpaka kesho yake.

Lakini kanisani hakukubali kamwe. Mchungaji alimsihi amtafsirie mgeni mmoja kutoka Asia, akamwambia ni kazi ya Bwana. Mkalimani alijibu kwamba Bwana anazijua lugha zote, na waumini hawakuja kumsikia yeye. Watu walimwona ana kiburi. Na kweli alikuwa nacho. Viatu vyake viling'arishwa kila asubuhi hata siku asiyotoka. Alichukia kuchelewa ingawa hakuwa na saa; aliupima muda kwa honi za teksi zinazoteremka kuelekea mjini. Aliwafundisha watu ukweli, kisha akamdanganya kila mpangaji wa nyumba ile kwamba sombe ya Jumapili, kisamvu cha kwao, imebaki kwa bahati mbaya na itachacha, ili wasione haya kula. Alipika sufuria la watu kumi na wawili. Haikuwa bahati mbaya.

Watoto wa uani walizaliwa pale pale Johannesburg. Walikielewa Kiswahili lakini walimjibu kila mtu kwa Kizulu au Kiingereza. Yeye aliwauliza kitu kwa Kiswahili na kukaa kimya hadi wamjibu kwa Kiswahili, hata ikichukua dakika kumi, hata kama ni mpira wao ulioingia chumbani kwake. Wazazi walimshukuru. Watoto walimwita jina la Kizulu lenye maana ya ukuta, naye alilijua, na lilimfurahisha.

Siku niliyopokea stashahada nilirudi nyumbani na joho nililolikodi, nikapita baraza nzima nimelivaa. Mama Aline, fundi cherehani wa chumba cha nyuma, alipiga vigelegele. Mkalimani alinikaribisha chumbani, akaniweka kwenye kiti cha wateja, akaniambia nimsomee ile karatasi. Nikasoma kwa Kiingereza, kwa sauti. Akasema vizuri, sasa niambie kwa Kiswahili. Nilianza kwa nguvu, nikafika pale palipoandikwa juu ya haki na hadhi zote zinazoambatana na cheti, nikakwama. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, jasho likanitoka ndani ya joho.

"Karatasi yako imesoma," alisema. "Wewe endelea kusoma."

Nilichukia kwa wiki nzima. Kisha nikaanza kwenda kwake kila Jumamosi asubuhi, na hapo ndipo nilipoiona kazi yake iliyojificha. Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kabla ya kulitafsiri neno la kisheria katika hati, aliliandika kwa brashi na wino juu ya gazeti la zamani, kwa herufi kubwa za Kichina, kisha akalisoma mara mbili: kama Mchina, halafu kama Mjapani. Maneno mengi ya sheria, alinieleza, mataifa hayo mawili yanayaandika kwa herufi zilezile au zinazokaribiana kama ndugu, ingawa kila mmoja anayatamka kivyake. Neno likikubali kusomwa pande zote mbili bila kubadilika maana, alilitafsiri. Likikataa, aliacha nafasi wazi kwenye hati, nafasi yenye duara la penseli, hata siku tatu, huku mteja akibisha hodi na kutishia kwenda kwingine.

Mama Aline alikuja kwake kwa jambo lake katikati ya mwaka 2016. Alikuja jikoni, hakuja mezani, na naomba msomaji azingatie hilo. Mkalimani alisema daima kwamba kabla hajaketi kwenye kigoda yeye ni jirani, na akishaketi yeye ni mdomo. Tulikuwa watatu, chai mkononi. Mama Aline aliweka mkono wake wa kulia juu ya meza ya jikoni. Vidole vitatu vilibaki vimenyooka.

Sote tuliijua ajali ile. Alikuwa akikodi sehemu ya kushonea kwenye ghorofa ya nne ya jengo moja la maduka ya jumla mjini, na mlango wa lifti ya mizigo, uliokuwa umeharibika kwa miezi, ulimfungia mkono. Tokea hapo alishonesha kwa wengine na kuwagawia nusu. Mkasi haukuweza kufunga mkononi mwake. Daktari mmoja alikuwa amemwambia kwamba kano zinaweza kufanyiwa upasuaji na mkono ukafunga tena, ila hospitali za serikali foleni ni ndefu na upasuaji wenyewe si wa haraka kwao, na akichelewa zaidi kano zitakauka. Alichotaka kilikuwa kimoja: mwenye jengo alipie upasuaji. Mkono ufunge.

Nilimuuliza ajali ilikuwa lini. Akataja mwezi na mwaka. Nikahesabu kwa vidole, nami nikajisikia msomi na mwenye huzuni kwa pamoja. Miaka mitatu ambayo sheria inampa mtu kudai ilikuwa imepita, na miezi miwili juu yake. Mwaka wa kwanza aliumalizia hospitali na ofisi za wakimbizi. Wa pili alizungushwa na msimamizi wa jengo kwa ahadi. Wa tatu aliombewa.

 Mkalimani alileta gazeti, akachovya brashi, akaandika herufi mbili. Ya kwanza, alisema, ni muda. Ya pili ni nguvu, au matokeo. Ukiziweka pamoja ni nguvu ambayo muda unaipata juu ya haki ya mtu aliyekaa kimya. Huku kwetu mnaita ukomo wa muda. Wachina wanasoma shisiao. Wajapani wanasoma jiko.

Mama Aline alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kumbe haki yangu imeungulia jikoni, Papa."

"Haijaungua," alisema Mkalimani. "Sikiliza, mama. China, Taiwan, Japani, na hapa pia, muda peke yake haufanyi kitu. Jaji hawezi kuutaja kwa niaba ya mtu. Lazima yule anayedaiwa afungue kinywa mwenyewe aseme: muda umepita, nakataa. Asipolisema, haki yako iko hai kama jana."

Nikasema ndivyo hasa tulivyofundishwa chuoni. Hakunitazama. Alimwambia Mama Aline kwamba mwenye jengo ni mzee wa Taiwan ambaye yeye amemtafsiria kwa miaka mingi, mtu mgumu lakini si mwizi. Huenda neno hilo analijua, huenda ameshalisahau. "Mimi sitalisema kwa sababu si langu," alisema. "Weye usiliseme kwa sababu si lako. Likisemwa, lisemwe na mwenyewe." Kisha ndipo akanigeukia mimi. "Na weye, diploma yako iache nyumbani siku hiyo."

Nilienda nayo. Sikuibeba mkononi, niliibeba kichwani, na huko ndiko iliko hatari.

Tulimkuta mzee wa Taiwan ofisini mwake, ghorofa ya saba, kati ya marundo ya blanketi zilizofungwa kwa plastiki. Alikuwa amepita miaka themanini, amevaa sweta mbili. Kiingereza chake kilikuwa cha namba na rangi za bidhaa. Yeye na Mkalimani walizungumza Kijapani, kwa kuwa utotoni, kisiwani kwao, mzee alisomeshwa shule ya Wajapani, na nadhani kwa umri wake ilimpendeza kukisikia tena. Mkalimani alikuja na kigoda chake. Akaketi katikati, akafumba macho.

Mambo yalianza vyema. Mama Aline alieleza ajali kwa Kiswahili chake cha Uvira, polepole. Mzee aliuliza kuhusu mlango, kuhusu msimamizi, kuhusu siku yenyewe. Aliomba kuona mkono. Aliutazama bila kuugusa. Halafu akasema kwamba atafikiri, na kwamba Jumatatu atampigia mwanasheria wake.

Mkalimani alilitafsiri neno mwanasheria. Nilijua mwanasheria yeyote, hata wa bei ya chini, atamwambia mzee aseme lile neno kabla hajamaliza kumsalimia. Nikaona ni lazima jambo liishe pale pale, na kwamba ni mimi wa kulimaliza. Nikasimama. Nilitaka yule mzee ajue kwamba Mama Aline hakuja na mtu wa mitaani. Nayakumbuka maneno yangu yote, na nitayaandika kama yalivyokuwa.

"Mwambie mimi ni msomi wa sheria," nilisema. "Mwambie tunajua kwamba miaka mitatu imepita, na kwamba kwa ukomo wa muda angeweza kutufukuza hata leo. Lakini tumekuja kama watu wazima mbele ya mtu mzima."

Niliona ni hotuba nzuri. Nilikuwa bado nimesimama, nikisubiri ivuke meza, nilipoona Mama Aline amenigeuzia uso ulioganda. Ndipo nikasikia nilichokisema. Neno ambalo sote tulikubaliana lisisemwe, nilikuwa nimemletea mwenye nalo mezani, kama mtu anayemkabidhi mwenzake kisu kwa mpini. Na meza ile ilikuwa na sheria yake.

Mkalimani alifumbua macho. Sikuwahi kumwona akifumbua macho katikati ya kazi. Alimtazama Mama Aline, hasa mkono wake, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Honi ya teksi ilipiga chini barabarani. Halafu akasema maneno machache kwa Kijapani. Nilitega sikio kama sijawahi kulitega. Katika lugha ile nzima nilikuwa najua neno moja tu, na neno hilo sikulisikia.

Mzee alinitazama, akatikisa kichwa kidogo kama anayekubali salamu. Akamuuliza Mama Aline kama bado anashona. Mama Aline alijibu kwamba mkasi haufungi. Mzee akavuta karatasi na kuandika barua kwa hospitali binafsi kwamba gharama zote za mkono ule ni zake. Aliitia sahihi, akapiga muhuri wake mdogo mwekundu. Mkalimani alisoma barua nzima kwa sauti katika lugha zote mbili, na sauti yake ilikuwa kama kawaida.

Nje, nilianza kumuuliza. Akaniambia nipande teksi niende nyumbani.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na sombe. Jumatatu kibao kilikuwa kimeondolewa dirishani. Wateja walikuja, wakaambiwa Mkalimani hafanyi tena kazi hiyo. Wengine walisema ana maradhi ya koo, wengine kwamba amepata pesa. Alinunua jiwe la kunolea la kuzungusha kwa mguu, akaanza kunoa mikasi ya mafundi cherehani na wasusi, kuanzia Troyeville mpaka Bertrams. Ukimsalimia kwa Kiswahili anakujibu. Mchina akimsimamisha barabarani, anainamisha kichwa na kupita. Muhuri wa utafsiri aliokuwa nao aliurudisha ulikotoka. Hiyo ndiyo siku niliyoliona jina lake, kwenye bahasha.

Upasuaji wa Mama Aline ulifanyika. Baada ya bendeji kuondolewa na miezi mingi ya mazoezi ya kufinya mpira wa watoto wa uani, vidole vilianza kuitika, kimoja kimoja. Suti niliyovaa nikirudi nyumbani aliikata yeye mwenyewe, kwa mkono ule.

Na mimi je? Kwa miaka mitatu nilisimulia. Nilisimulia kwa vinyozi, kwenye harusi, kwenye kibanda changu cha zamani kule Sandton nilipokwenda kuwasalimu wenzangu. Nilisimulia jinsi nilivyosimama mbele ya tajiri wa Kichina na kwa hotuba moja nikamfanya atie sahihi. Ndani yangu nilijua kwamba sikulisikia lile neno. Lakini niliweza kujiambia kwamba huenda Wajapani wana namna nyingine ya kulisema, kwamba lilinipita, kwamba mzee wa Taiwan alilisikia na ushujaa wangu ukamgusa. Mara mbili nilisimulia Mkalimani akiwepo. Aliendelea kunoa. Hakunikana.

Mwaka 2019 nilikata tiketi ya kurudi. Kiwanja kilikuwa kimeshanunuliwa, ramani ya nyumba ninayo kwenye simu. Nilikwenda kumuaga, na kusema kweli nilikwenda pia kumwonyesha ramani. Nilimkuta barazani na jiwe lake. Aliangalia vyumba vyote kwenye simu, akauliza choo kiko upande gani wa upepo, akasema ni nyumba nzuri. Kisha akasimamisha jiwe kwa mguu.

"Sentensi yako bado ninayo," alisema.

Nilijifanya sielewi.

"Ulisema sentensi tatu. Nilimpelekea ya kwanza na ya mwisho. Nilimwambia: kijana anasema ni msomi wa sheria, na wamekuja kama watu wazima mbele ya mtu mzima. Ile ya katikati niliimeza." Alisema hakuwahi kumeza neno la mtu kabla ya hapo, na kwamba mdomo ulioiba mara moja si wa kukodisha tena. Hakunilaumu. Ningependa kuandika kwamba alinilaumu, ingekuwa rahisi zaidi.

Kisha akanieleza hesabu yake. Angekwenda kukiri mapema, mzee angeweza kumgeukia Mama Aline na kudai arudishiwe gharama za hospitali. Hivyo alisubiri. Alihesabu miaka mitatu kuanzia siku ya sahihi, na ilikuwa imetimia wiki ile. Sasa Mama Aline yuko salama kwa sheria ileile, na yeye anaweza kwenda kuitoa sentensi. Mzee wa Taiwan bado yu hai, alisema, amestaafu, yuko kwa binti yake, mtaa wa Cyrildene. "Ila sentensi ni yako. Mi siwezi kuisema bila mwenyewe kuisema kwanza."

Hapo nilikiona kitu kwa elimu yangu. Muda hauanzi kuhesabiwa dhidi ya mtu aliyefichwa jambo mpaka alijue. Miaka yake mitatu ya kusubiri haikuwa imemkinga Mama Aline hata kwa siku moja. Nilifungua kinywa. Nilitazama mikono yake, iliyokatwakatwa na mikasi ya watu, nikakifunga. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa heshima au kwa woga. Najua tu kwamba ndiyo mara ya kwanza nilipojua kitu mbele ya watu nisikiseme.

Jumamosi tulipanda teksi kwenda Cyrildene. Alivaa viatu vilivyong'aa na kubeba kigoda chake kwapani. Binti wa mzee alitufungulia, akatupeleka kwenye chumba chenye hita ya umeme. Mzee alikuwa kitini, blanketi miguuni, amepungua sana. Alimtambua Mkalimani mara moja na kusema kitu kirefu, nadhani cha kumlaumu kwa kupotea. Mkalimani aliinama. Akaweka kigoda kati yetu, akaketi, akafumba macho, akasubiri.

Sikuweza kusimama kama ile siku. Nilisema nikiwa nimeketi: mimi ni msomi wa sheria, tunajua kwamba miaka mitatu imepita, na kwamba kwa ukomo wa muda angeweza kutufukuza hata leo, lakini tumekuja kama watu wazima mbele ya mtu mzima.

Mkalimani alitafsiri. Alikwenda polepole, na katikati nililisikia neno lile likipita, jiko, wazi kabisa. Kisha akaendelea kwa sauti yake mwenyewe, akieleza, nadhani, sentensi hiyo ni ya lini na ilikuwa wapi muda wote huo. Alipomaliza alibaki ameinamisha kichwa.

 Binti wa mzee aliingia na chai, akaona nyuso zetu, akatoka nayo. Niliwaza juu ya Mama Aline, ambaye saa ile alikuwa Troyeville akikata kitambaa cha maharusi bila kujua kwamba tuko hapa. Mzee alipofungua kinywa, alisema maneno machache sana.

 Mkalimani akanigeuzia uso, macho yamefumbwa, akaniletea yote yalivyo, bila kuongeza.

"Anauliza," alisema, "mkono wa yule mama unafunga?"

Nikajibu kwamba unafunga. Naye akalitafsiri.